Mwamba Ngoma Si Lazima Awe Mwimbaji

Orodha imerudi tena. Safari hii inazunguka kwenye simu za watu wa Lubumbashi kama picha moja, mgongo mweusi na herufi za dhahabu: waimbaji kumi wakubwa wa Kongo wa miaka ya 80. Franco yuko juu kabisa, Tabu Ley Rochereau anamfuata, Papa Wemba wa tatu, na kuendelea. Mwanamke ni mmoja tu, Mbilia Bel, amebanwa nafasi ya tisa kama abiria aliyepandia njiani. Aliyeitengeneza picha hiyo hajulikani, na hata akijulikana haisaidii, maana kila mwaka hutokea mwingine wa kuitengeneza upya. Linalonishughulisha ni kelele iliyofuata. Wapo wanaosema huu ni ugomvi wa rika: wazee wanawacheka vijana kwamba hawajui muziki, vijana wanajibu kwamba wazee wamegandia kwenye kaseti. Wengine wanasema ni ule ugomvi wetu wa siku zote na Kinshasa, watu wa huko wakijipangia meza na kujipakulia nyama, sisi wa Katanga tukiachiwa mchuzi. Na tangu Desemba 2021, UNESCO ilipoiingiza rumba ya Kongo zote mbili kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, kila mtu anabishana kana kwamba amekabidhiwa funguo za makumbusho.

Naona pande zote mbili zimekosea mahali pa kugombania. Kasoro ya orodha ile haiko kwenye majina, iko kwenye neno moja la kichwa chake: waimbaji. Wengi wa waliopangwa pale hawakupangwa kwa sababu ya kuimba. Wamepangwa kwa sababu orkestra ilikuwa yao, jina lao ndilo lililokaa juu ya jalada, na wao ndio waliolipa mishahara. Wahenga walishasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Miaka arobaini baadaye bado tunamhesabia mwamba ngoma sauti ambazo hazikutoka kooni mwake, na waliotoka jasho mbele ya maikrofoni tunawaita wasaidizi.

Vijana wengi wanaibishania orkestra ya Zaire (ndivyo Kongo yetu ilivyoitwa wakati ule) bila kujua ilivyokuwa ikifanya kazi, kwa hiyo nianzie hapo. Chukua T.P.O.K. Jazz ya Franco katika miaka hiyo. Lilikuwa jeshi. Kuna wakati lilitosha kugawanywa, kundi moja likipiga Kinshasa na lingine likiwa Ulaya na mwenyewe. Upande wa sauti peke yake walikuwamo Josky Kiambukuta, Ndombe Opetum, Ntesa Dalienst, Malage de Lugendo, Carlyto Lassa, na Madilu System aliyeingia mwaka 1980. Kila mmoja wao, angekuwa katika nchi yenye orkestra tatu tu, angekuwa mfalme. Pale walikuwa wafanyakazi. Kazi yenyewe ilikuwa na mafundi watatu ambao msikilizaji wa leo anawaona kama mtu mmoja: mtunzi, mwimbaji na mwenye orkestra. Mfano ulio wazi kuliko yote ni “Maya” wa mwaka 1984. Maneno na wimbo ni vya Simaro Lutumba, mpiga gita aliyeitwa mshairi na aliyestahili kuitwa hivyo. Anayeimba ni Carlyto. Orkestra inayotajwa ni ya Franco. Wimbo huo ukipigwa baa, ukauliza ni wa nani, utapewa majibu matatu, na lile la Carlyto litakuja la mwisho, kama litakuja.

Tena umbo lenyewe la wimbo linamficha mwimbaji. Wimbo wa wakati ule unaanza polepole, beti na viitikio, na hapo ndipo mwenye sauti anapojenga au kubomoa. Kisha gita zinakaza, sebene, ile sehemu ya kuchezea, inaingia, watu wanainuka. Tangu mwanzo wa miaka hiyo ya 80, vijana wa kundi la Zaiko Langa Langa walipoanza kupachika makelele ya atalaku, yule mchochea wachezaji, juu ya sebene, sehemu ya pili ikazidi kuwa tamu na ya kwanza ikazidi kuonekana kama mlango wa kupitia tu. Mtu anakumbuka alipocheza. Aliyemwandalia njia kwa dakika tano za utulivu, akilishika neno moja mpaka liive, huyo anasahaulika hata kabla jasho halijakauka.

Kuna kijana mmoja pale Kenya (Kenya yetu, komini, si nchi) anayewatilia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Ana meza, mwavuli, na kompyuta iliyong'oka herufi mbili. Nilimwomba miaka ya 80. Akanifungulia mafaili: FRANCO 80, ROCHEREAU BEST, WEMBA VIEUX. Ndani ya lile la kwanza nikaikuta “Maya”. Nikaikuta “Testament ya Bowule”, nao ni wa Simaro na sauti ni ya Malage. Zilikuwamo pia nyimbo mbili za Josky. Ndani ya ROCHEREAU BEST, karibu nusu ilikuwa sauti ya Mbilia Bel. Nikamuuliza huyo kijana, “Maya” ikilia, ni nani anayeimba. Akajibu bila kugeuka: “Ni Franco, papa. Baliandika Franco.”

Hilo “baliandika”, yaani waliandika, ndilo chimbuko la kila kitu. Kijana hakukosea, alisoma alichokirithi. Santuri zilitoka Kinshasa na jina la mkubwa kwa herufi za kutosha kusomwa ukiwa ng'ambo ya barabara, na majina ya sauti kwa herufi za chungu nyuma ya jalada. Hata mkubwa alipotaka kumheshimu mtu wake, jalada lilisema “Franco présente Josky Kiambukuta”, yaani mwenye nyumba kwanza, mgeni baadaye. Kisha ikaja kaseti ya kunakili. Aliyenakili aliacha nyuma ya jalada kule kule, akaandika kwa biki neno moja: Franco. Kwetu nyumbani kulikuwa na kaseti za namna hiyo kwenye boksi la viatu, na sikumbuki hata moja iliyoandikwa jina la mwimbaji. Kutoka kaseti nyimbo zikaingia kwenye diski, kutoka diski kwenye flashi, kutoka flashi kwenye simu, na kila kivuko kikamtupa abiria mmoja majini. Leo mtu anakaa na simu, anatazama majina ya mafaili, anatengeneza orodha ya “waimbaji”. Ameorodhesha vibandiko.

Sasa nije kwa wanaonipinga, maana hawakosi hoja. Hoja yao nzito inasema hivi: mwenye orkestra hakuwa bepari wa kukaa ofisini. Ndiye aliyesikia sauti ya kijana asiyejulikana, akamchukua, akamchagulia wimbo, akamsimamisha mahali pake katikati ya gita na tarumbeta. Madilu alizunguka kwenye makundi kadhaa kabla ya Franco na hakuna aliyeshtuka. Alipowekwa ubavuni mwa Franco ndipo nchi ikageuka kumsikiliza. “Madilu alikuwaka mutumishi wa Franco,” yaya mmoja (kwetu yaya ni mkubwa wako) aliniambia, na kwake maneno yameisha. Naikubali nusu yake, tena kwa moyo mweupe. Sikio la Franco lilikuwa kipaji kikubwa kuliko gita lake, na gita lake halikuwa dogo. Ukiniambia tupange wakubwa wa muziki wa Zaire katika miaka ile, namweka wa kwanza, sina cha kujadili. Lakini kocha aliyemwona mchezaji haandikiwi bao. Wa-TP Mazembe wananielewa.

Na kuna hoja ya ndani zaidi kuhusu Franco, ambayo wapenzi wake wenyewe huwa hawaitoi vizuri, basi niwatolee mimi. Franco alikuwa na sauti, ila si ya kupaa. Ilikuwa sauti ya kusema. Sikiliza “Mario” wa mwaka 1985, dakika zaidi ya kumi za kumsimanga kijana msomi anayelelewa na mwanamke mtu mzima. Franco anazungumza kama jirani aliyevumilia vya kutosha: anarudia, anaguna, anashika kiuno. Hakuna mwimbaji mwenye koo la asali aliyeweza kufanya vile. Madilu anapoingia, hewa inabadilika. Sauti yake ni nzito kidogo, ina huzuni ndani yake, haina haraka ya kupanda, na inapopanda haichani. Wimbo unasimama kwa hao wawili. Nimeutazama ukipigwa kwenye baa za Kamalondo na Katuba mara nyingi za kutosha kuona jambo moja: watu wakifika sehemu za Franco wanamwiga, wanakunja uso, wanatikisa kidole. Wakifika sehemu za Madilu wanaimba. Miili yao imeshatenganisha kazi mbili ambazo orodha inazichanganya. Kwa hiyo Franco ni msimulizi mkubwa kuliko wote waliowahi kushika maikrofoni ya Kinshasa, naandika hivyo bila kusita. Katika watano wa koo la miaka ya 80, simwoni.

Hoja ya pili inasema sauti ni ladha, kila mtu na ulimi wake, kwa hiyo kupanga waimbaji ni upuuzi na heri kupanga walioacha athari. Ina ukweli, ila inakata tamaa mapema. Ladha ipo, na vipimo vipo. Kuna pumzi: mtu anaweza kuubeba mstari mrefu bila kuukata mahali ambapo maana haijaisha? Kuna usafi wa noti, na tukumbuke kwamba ile programu ya kunyoosha sauti iliyopotoka ilitoka mwaka 1997, kwa hiyo kilichomo kwenye santuri za miaka ya 80 ndicho kilichotoka kifuani, hata kama walirudia mara kumi studioni. Kuna kukaa na mwenzako sauti ya pili bila kummeza, ufundi ambao rumba inaudai kuliko muziki mwingi duniani. Na kuna lile la kutamka neno likabaki neno hata linapovutwa. Pepe Kalle, jitu la karibu mita mbili, aliweza kuimba kama anayeongea na mtoto aliyelala, kisha akafungua kifua orkestra nzima ikarudi nyuma. Katika “Moyibi” wa mwaka 1988 yuko na Nyboma, aliye kinyume chake kabisa, sauti nyembamba, kali, safi kama waya, na hawagongani hata mara moja. Weka vipimo hivyo mezani na ladha itabaki na kazi ya kuchagua kati ya watu saba au wanane, si kati ya watu mia.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: mauzo. Fulani aliuza zaidi, basi fulani ni mkubwa. Kwanza, nani alihesabu? Santuri zilichapwa Kinshasa, kwenye kiwanda cha MAZADIS na penginepo, nyingine zikachapwa Ulaya, na kwa kila kaseti halali iliyofika hapa kulikuwa na nakala zilizozaliana sokoni bila baba. Pili, na hili ndilo linaloimaliza hoja, mauzo yenyewe yaliandikwa kwa jina la nani? Kwa jina la jalada. Ukimpa Franco mauzo ya “Maya” kisha ukayatumia mauzo hayo kuthibitisha kwamba Franco ni mwimbaji mkubwa kuliko Carlyto, umemnyang'anya mtu ng'ombe kisha ukamshtaki kwa kukosa maziwa.

Hata hivyo kanuni yangu haielezi kila kitu, na ingekuwa udanganyifu kuificha sehemu inapokwama. Inakwama kwa wanawake. Ikiwa orodha hizi hupanga wenye orkestra, Abeti Masikini angepaswa kuwamo. Kundi la Les Redoutables lilikuwa lake. Aliimba Olympia, Paris, mwaka 1973, wakati ambapo wengi wa hawa kumi walikuwa bado wanatafuta pasipoti, na mwaka 1986 “Je suis fâché” ulitikisa nchi zaidi ya yetu. Hayumo. Mpongo Love, aliyetembea kwa shida tangu polio ya utotoni na kusimama jukwaani kama asiyehitaji miguu, alikuwa na kundi lake pia, na akafariki Januari 1990, muongo wake ukiwa ndio kwanza umefungwa. Hayumo. Kwa hiyo kuna sheria ya pili imeandikwa chini ya ile ya kwanza: mwenye orkestra anahesabiwa, mradi awe mwanamume.

Na aliyemo, Mbilia Bel, amewekwa na utetezi wa kumdhalilisha: kwamba alitengenezwa na Tabu Ley. Ni kweli Tabu Ley alimtungia nyimbo nyingi, na ni kweli Afrisa, orkestra ya Tabu Ley, ndiyo iliyompandisha. Lakini sikiliza kilichofanyika baada ya kutungiwa. “Eswi yo wapi” haupigi kelele hata mahali pamoja. Sauti inakaa juu, nyembamba, imetulia, na uchungu unatoka kwa sababu mwimbaji anakataa kuulilia. Tabu Ley mwenyewe, bingwa wa kuipamba noti kwa mapambo, asingeweza kuuimba hivyo, na nadhani alijua, ndiyo maana alimpa. Wanaume waliotungiwa na wengine hatuwaambii walitengenezwa. Kama kuna nafasi ya kwanza ya koo katika miaka ile, mimi nampa Mbilia Bel, na Pepe Kalle nyuma yake kwa unywele. Madilu wa tatu. Wa nne na wa tano, Nyboma na Dalienst, nabadilisha kufuatana na siku. Papa Wemba, aliyekuwa mwenye orkestra na mwimbaji kwelikweli, na sauti yake ile ya kulia kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, yupo karibu sana, na msomaji akimpandisha sitamfukuza.

Kuna jambo la kwetu hapa. Mara nyingi husemwa kwamba Lubumbashi haina haki ya kuhukumu kwa sababu nyimbo zile ni za Kilingala na sisi ni watu wa Kiswahili. Mimi nadhani ni kinyume. Watoto wengi wa Kenya na Ruashi tuliimba beti nzima bila kujua nusu ya maana, tukijaza mapengo kwa silabi tulizobuni wenyewe. Maneno yalitupita, kilichobaki sikioni kilikuwa sauti tupu: inapanda vipi, inashuka wapi, inavuta pumzi lini. Tulinyimwa hadithi ya Mario tukabaki na Madilu. Mtu wa Kinshasa anaposikiliza, anacheka kwa vijembe, anajua nani anasemwa na kwa nini, na hayo yote ni heshima kwa mtunzi na kwa msimulizi. Sisi tulikuwa majaji wa koo kwa kulazimishwa. Najua wapo wenzetu waliokijua Kilingala vizuri, kwa kuwa kilikuwa lugha ya askari na ya gita, lakini hao hawakuwa wengi mtaani kwetu.

Lakini kutoka hapo watu wanaruka hadi mahali ambapo siwafuati. Wanataka orodha ya Kikatanga. Wanakumbusha kwamba miaka ya 50 mkoa huu ulikuwa na sauti zake, Jean-Bosco Mwenda akirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akiimba Kiswahili juu ya gita ambalo wapigaji wa dunia bado wanajaribu kulifuata kwa vidole. Ni kweli, na ni muongo mwingine. Katika miaka ya 80 Gécamines, kampuni ya migodi ya hapa, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mshahara ulikuwapo, na fedha hiyo ilinunua muziki uliotengenezwa Kinshasa. Studio, kiwanda cha santuri na televisheni vilikuwa huko. Mwenye koo aliyezaliwa hapa alikuwa na njia mbili: aende Kinshasa, au avuke mpaka. Ukipima kwa mstari wa ndege, Dar es Salaam iko karibu nasi kidogo kuliko Kinshasa, na kule wangemwelewa anaposema.

Wengi walivuka. Baba Gaston wa Likasi alipitia Dar akaishia Nairobi. Kikumbi Mwanza Mpango, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1947, alikwenda Tanzania akaimba na Maquis du Zaire, kisha Orchestra Safari Sound, akawa King Kikii, mwenye “Kitambaa Cheupe”. Alipofariki Dar es Salaam Novemba 2024, Watanzania walimzika kama mtu wao, na walikuwa na haki. Hapa mjini alikozaliwa nilisikia watu wazima wakiulizana huyo ni nani. Tshala Muana, mzaliwa wa hapa wa mwaka 1958, alianza kama mnenguaji kwenye kundi la Mpongo Love, akatokea Abidjan, akatokea Paris, akaifanya mutuashi ya Kiluba ichezwe na watu wasiojua Kasai iko upande gani. Ana hata wimbo wenye jina la Kiswahili, “Karibu Yangu”. Alifariki Kinshasa Desemba 2022. Simwingizi katika kumi bora kwa sababu ya cheti chake cha kuzaliwa. Kwa koo peke yake ningemweka ukingoni mwa kumi. Kwa mwili, sauti na jukwaa vikiwa kitu kimoja, ningempandisha sana. King Kikii nisingemweka kwenye kumi kabisa. Anayetaka kumtoa Franco kwa kuwa si mwimbaji kisha akamwingiza jirani yake kwa kuwa ni jirani, amehamisha dhuluma kutoka meza moja kwenda nyingine.

Kwa nini yote haya yatukoseshe usingizi, na waliohusika wengi wako kaburini? Kwa sababu kuna kazi inafanyika sasa ambayo itaganda. Baada ya UNESCO, watu wanakusanya, wanahamisha kaseti kwenda kwenye kompyuta, wanapakia nyimbo za zamani kwenye mitandao inayolipa senti kwa kila anayesikiliza. Kila wimbo unaombewa jina, na jina hilo ndilo litakalolipwa na kufundishwa. Kwa miaka mingi chombo cha haki za muziki nchini kilikuwa SONECA, na kirefu chake kilitaja wachapishaji, watunzi wa muziki na waandishi. Mwimbaji hakuwamo hata kwenye jina. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, katikati ya muongo huo huo tunaougombania, ilizitambua pia zile haki jirani, yaani haki za anayeuimba wimbo wa mwingine. Karatasi iliona kitu ambacho jalada lilikataa kukiona. SONECA ikaondoka, SOCODA ikaja mwaka 2011, na bado mjane wa mwimbaji akienda kudai, kitu cha kwanza anachoulizwa ni jina lililoko kwenye santuri.

Na wanaoweza kusahihisha wanapungua. Dalienst aliondoka 1996, Madilu 2007, Ndombe 2012, Simaro 2019, Josky 2021. Hao ndio walioweza kukaa mbele ya spika na kusema: hapa ni mimi, pale ni fulani, kiitikio kile tuliimba wanne, na wa nne hamkuwahi kumjua. Tukiutumia muda uliobaki kupangana namba, tutakuwa na orodha nzuri sana ya watu tuliokuwa tunawajua tayari.

Nilirudi kwa yule kijana wa Kenya nikamwomba anibadilishie majina ya nyimbo kwenye flashi yangu kabla sijalipa. Hakupinga, alitaka tu nimsomee herufi moja moja. Tulipofika “Maya” nikamwambia aandike Carlyto, na Simaro kama mtunzi, na orkestra mwishoni. Aliandika MAYA CARLYTO, akabonyeza, akanirudishia flashi. Nikamuuliza Simaro yuko wapi. Akaniambia kwenye simu jina refu linakatwa, watu hawapendi.